Mama mjamzito, usipuuze kichwa kinachouma

Je, msomaji mpendwa, kichwa kikikugonga baada ya kutwa nzima juani, si wewe humeza dawa ya maumivu ukalala? Wengi wetu hufanya hivyo. Lakini kwa mama mjamzito aliyepitisha wiki 20, huenda hiyo ni ishara ya maradhi yanayoweza kumuua yeye na mtoto.

Chukua mfano wa Mai Mahiu, mji ulio chini ya mteremko wa Bonde la Ufa, njia za Narok na Naivasha zinapoachana. Mama mjamzito anayeuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara hudhani miguu imevimba kwa kusimama, na macho yanaona ukungu kwa sababu ya vumbi. Kumbe shinikizo la damu limepanda!

Wataalamu wanaeleza kwamba chanzo kimo katika kondo la nyuma. Mishipa inayolilisha isipopanuka ipasavyo, damu hulifikia kwa shida. Hapo huzaliwa chembe kali za oksijeni zinazoharibu seli mithili ya kutu inavyokula mabati. Mabaki ya uharibifu huo, kama vile malondialdehaidi, huongezeka katika damu ya mgonjwa. Kondo pia humwaga protini zinazodhuru mishipa ya mama. Figo huanza kuvujisha protini kwenye mkojo, na mwishowe mama aweza kushikwa na kifafa cha mimba.

Je, vidonge vya vitamini vitazuia kutu hiyo? La! Mwaka 2006, utafiti wa Uingereza uliohusisha wajawazito wapatao 2,400 ulionyesha kwamba vitamini C na E hazikuwakinga.

Kinachosaidia ni kupimwa shinikizo na mkojo kila uendapo kliniki. Likifika 140 kwa 90, hilo si jambo la kungoja. Ikiwa uliwahi kuugua hivyo, au una kisukari au mimba ya pacha, muulize daktari mapema kuhusu aspirini kidogo. Nayo sindano ya magnesi salfeti, kulingana na utafiti wa mwaka 2002 katika mataifa 33, hupunguza kifafa kwa nusu.

Nawe baba, weka kando nauli ya kufika hospitali ya Naivasha au Kijabe, hata usiku wa manane. Tena msilegee mtoto akishazaliwa, kwani hatari hii yaweza kumfuata mama hadi wiki sita baadaye. Tahadhari kabla ya hatari.