Istilahi za Utandawazi katika Somo la Jiografia

Katika kazi ya kusanifisha istilahi, neno linaloleta tabu zaidi aghalabu si lile lisilokuwa na kisawe, bali lile ambalo kisawe chake kimezoeleka mno hata watu wakaacha kujiuliza maana yake. Neno utandawazi ni la namna hiyo. Lilianza kuenea katika miaka ya 1990, wakati biashara huria ilipokuwa ikijadiliwa kila mahali, na leo limo katika hotuba, katika vitabu vya kiada na katika majalada ya serikali.

Swali lililotusukuma kuandika makala haya tuliletewa na mwalimu wa jiografia aliyekuwa akipitia tafsiri ya masomo ya elimu ya watu wazima. Alikuta sentensi isemayo: “Utandawazi umeondoa umbali, na athari zake zimeufikia Mkoa wa Tanga.” Mwalimu huyo aliuliza: ikiwa umbali umeondolewa, jiografia imebakiwa na kazi gani? Na ikiwa athari hizo zimeifikia Tanga, zilitoka wapi?

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Ndani ya utandawazi msomaji husikia tanda na wazi. Kwa matumizi yaliyozoeleka, kinachotanda ni wingu, giza au ukimya, yaani mambo yasiyo na mtendaji. Lakini mkeka hautandi. Mkeka hutandikwa, na aliyeutandika anajulikana, na mahali alipoutandika panaonekana. Hapo ndipo penye ugumu wa istilahi hii. Neno linatueleza vizuri kwamba jambo limeenea. Halituelezi limetoka wapi, limepitia njia gani, wala kwa uamuzi wa nani. Maswali hayo matatu ndiyo hasa ya mwanajiografia.

Tuchukue mfano wa zao la mkonge. Mmea unaolimwa Tanga asili yake ni Meksiko, na jina lake katika lugha za Ulaya limetokana na bandari ya Sisal iliyoko katika rasi ya Yucatan. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Waswahili hawakukopa jina la kigeni. Waliupa mmea huo jina la mkonge, ambalo kamusi za zamani zaonyesha lilikuwa la mmea wa porini uliotoa nyuzi za kusokotea kamba. Mwaka huo huo wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga, na mwaka 1911 reli hiyo ikafika Moshi. Wafanyakazi walitoka Songea, Njombe, Kigoma na hata Msumbiji, na mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya pamoja ya kuwatafuta, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Wafanyakazi hao waliitwa manamba, kutokana na namba walizopewa.

Vita vya Korea vilivyoanza mwaka 1950 vilipandisha sana bei ya mkonge. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000. Baadaye nyuzi za plastiki zilizotengenezwa viwandani ziliteka soko la kamba, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Hali kadhalika zilikuwapo sababu za humu nchini, zikiwamo za uendeshaji wa mashamba baada ya mengi yao kutaifishwa mwaka 1967. Katika habari hii yote hakuna kitu kilichotanda kama wingu. Kila kitu kilikuwa na mahali kilipotoka, njia kilimopita na mtu aliyekiamua.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa watafsiri na walimu matumizi yafuatayo:

(a) Utandawazi. Neno hili libaki kuwa jina la mwenendo mzima wa kuongezeka kwa mafungamano ya mahali mbalimbali duniani kwa njia ya biashara, mitaji, habari na mwendo wa watu. Lakini lisifanywe kiima cha kitenzi kinachohitaji mtendaji. Anayeandika kwamba utandawazi umeua kiwanda hana budi kujiuliza kwanza nani alikifunga na kwa sababu gani.

(b) Mtiririko, wingi mitiririko. Huu ni mwendo wa bidhaa, fedha, watu au habari kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Istilahi hii haikamiliki bila kutaja pande zote mbili.

(c) Umbali wa ramani na umbali wa safari. Ule wa kwanza hupimwa kwa kilomita na haubadiliki. Wa pili hupimwa kwa muda na gharama, nao hupungua au kuongezeka. Mfereji wa Suez ulipofungwa kuanzia mwaka 1967 hadi 1975, Tanga haikusogea hata hatua moja kutoka Ulaya, lakini meli zililazimika kuzunguka kusini mwa Afrika. Jambo kama hilo lilionekana tena kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, meli nyingi zilipoiepuka Bahari ya Sham kwa kuhofia mashambulio. Kwa hiyo umbali haujaondolewa. Umefupishwa kwa njia zinazoweza kuzibwa.

(d) Kitovu na pembezoni. Istilahi hizi zafaa kwa dhana zilizoenezwa na Immanuel Wallerstein katika kitabu chake cha mwaka 1974, zihusuzo mahali panapoamua na mahali panapoamuliwa. Itahadharishwe, hata hivyo, kwamba ni majina ya uhusiano. Kwa upande wa bei ya mkonge Tanga ilikuwa pembezoni; kwa kijana aliyetoka Songea kutafuta kazi, Tanga hiyo hiyo ilikuwa kitovu.

(e) Matokeo na athari. Katika maandishi mengi athari limeelekea upande wa madhara. Pale ambapo matini ya asili haijapima wema wala ubaya, matokeo ndilo neno la haki. Reli ni matokeo. Vijiji vya wazao wa manamba waliolowea Tanga ni matokeo pia. Kuviita athari ni kuwahukumu watu hao kabla ya kuwasikiliza.

Kwa kufuata mapendekezo hayo, sentensi ya mwalimu wetu ingeweza kusomeka hivi: “Kadiri umbali wa safari ulivyopungua, ndivyo mitiririko ya mazao na ya watu iliyopitia Tanga ilivyoongezeka, na matokeo yake hayakuwa sawa kwa wote.” Sentensi hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini mwanafunzi anaweza kuichorea ramani.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba jambo hili ni la walimu peke yao. La hasha. Taarifa ya ofisi isemayo kwamba utandawazi umeangusha zao fulani haimpi mtumishi wa umma jambo lolote la kutenda, kwa kuwa wingu likitanda watu husubiri lipite. Taarifa itakayotaja soko gani lilipotea, bidhaa gani iliyachukua mahali pake na nauli imepanda katika njia ipi, humwonyesha pa kuanzia.

Haya ni mapendekezo, si maamuzi. Tunawaomba wasomaji, hasa wale wanaofundisha jiografia na wale wanaotafsiri taarifa za biashara, wayajaribu katika kazi zao na kutuletea maoni yao, pamoja na sentensi walizoona zinawashinda.