Kwaya Sumbawanga: Kwa nini Krismasi huandaliwa mahindi yakiwa ghalani

Orkestra nyingi za Ulaya hufungua msimu wa matamasha Septemba au Oktoba na kuufunga Mei au Juni. Wapiga ala ni waajiriwa, kazi yao ni muziki tu. Sumbawanga hali ni tofauti. Muziki mkubwa wa huku ni kwaya za kanisani, nazo zina msimu wake.

Msimu huanza lini?

Kwa Wakatoliki, mwaka wa Kanisa huanza na Majilio, Jumapili ya nne kabla ya Krismasi. Kufikia hapo kwaya inatakiwa iwe imeshazishika nyimbo za mkesha, sauti zote nne: soprano, alto, tena na besi.

Nota zinazotumika sana ni za herufi, d, r, m, mfumo ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza karne ya 19. Karatasi moja inatosha. Wimbo unatumwa WhatsApp leo, kesho unafundishwa hata pasipo kinanda.

Tatizo liko wapi?

Mvua. Uwanda wa Ufipa una msimu mmoja tu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Majilio yanakuta watu wanapanda mahindi, Krismasi inawakuta kwenye palizi. Mtu ameshinda na jembe, jioni anasubiriwa mazoezini. Besi wakikosekana, wimbo unayumba. Lakini asiyepalilia kwa wakati, atakula nini mwakani?

Kwaresima nayo ina mtihani wake. Gloria haiimbwi siku za kawaida, Aleluya haiimbwi kabisa, na vinanda huruhusiwa kusindikiza waimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne na siku za sherehe. Kwaya iliyozoea kujificha nyuma ya spika huumbuka hapo.

Dawa yake?

Kiangazi. Kuanzia Juni mahindi yanavunwa, barabara zimekauka, na aliyeuza gunia mbili tatu anaweza kuchangia sare au nauli. Huo ndio muda wa kujifunza nyimbo mpya. Novemba ikifika, kinachobaki ni kukumbushana.

Kwa hiyo anayetaka kuimba mkesha wa Krismasi asisubiri Desemba. Julai, pamoja na baridi yake yote, ndiyo saa ya kubisha hodi kwa mwalimu wa kwaya.