Tashtiti Isifiche Mshono Wake

Mwaka 1997, Triple J, redio ya vijana nchini Australia, ilicheza wimbo uitwao "Backdoor Man". Mtunzi wake, Simon Hunt, alikuwa amekatakata sauti ya mbunge Pauline Hanson, aliyevuma kwa kuwapinga wahamiaji kutoka Asia, kisha akaviunga vipande hivyo hata mbunge akasikika akitamka mambo ambayo hakuyasema kamwe. Hanson alikwenda mahakamani, redio ikazuiwa kuucheza wimbo huo. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa ya Queensland ilikataa kuiondoa amri hiyo.

Naona mahakama ilikosea. Neno likishang'olewa katika sentensi yake halimshuhudii tena msemaji, bali humshuhudia aliyeliunga. Katika wimbo ule viungo vilisikika waziwazi: kiimbo kiliruka ghafla na pumzi zikakatika. Msikilizaji hakuhitaji kuambiwa kwamba hiyo ni tashtiti.

Siku hizi kompyuta yaweza kuiga sauti ya mwanasiasa pasi na mshono wowote kusikika. Huo ni uzushi, si tashtiti. Basi sheria na iutazame mshono: anayeuonyesha aachwe atuchekeshe, anayeuficha ndiye ashtakiwe.