Kobalti Iliyofungiwa na Dhana Isiyosemwa

Mwanafunzi wa Kolwezi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, Exetat, huzoea kupekua majibu akitafuta sentensi iliyo kweli. Kwenye swali linalouliza hoja fulani imeegemea dhana gani, mazoea hayo humponza, kwa kuwa majibu matatu yanaweza kuwa ya kweli na moja tu ndilo linaloishikilia hoja isianguke. Tuchukue hoja iliyozungumzwa sana katika jimbo la Lualaba mwaka 2025. Bei ya kobalti imeporomoka kwa sababu soko limefurika. Kongo huchimba zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti yote duniani. Kwa hiyo serikali ikizuia isiuzwe nje, bei itapanda. Tarehe 22 Februari serikali iliizuia kweli, kwa miezi 4. Je, hoja hiyo ilichukulia nini bila kukitamka?

Wengi watajibu: ilichukulia kwamba migodi ingepunguza uchimbaji. Jibu hili linavutia, lakini likanushe uone. Lualaba kobalti hutoka pamoja na shaba, na kampuni inayotaka shaba haisimamishi mitambo kwa sababu ya kobalti. Huirundika tu ghalani. Maadamu rundo hilo halivuki mpaka, hoja bado imesimama. Jibu la pili linasema hakuna nchi nyingine inayoweza kuongeza hata kilo moja. Hili limedai mno: Indonesia, mzalishaji wa pili, inaweza kuongeza kiasi na bado pengo likabaki kubwa. La tatu, kwamba bei ikipanda mchimbaji mdogo atanufaika, ndilo lenye kugusa moyo, ila hoja ilizungumzia bei, haikuahidi nani atafaidika. Linabaki la nne: wanunuzi hawana akiba wala chanzo kingine cha kuwatosha kipindi chote cha katazo. Likanushe hili, useme maghala yao yamejaa, na neno “kwa hiyo” linakosa pa kukanyaga.

Mtu atapinga: mbona bei ilipanda? Ilipanda, tena mapema. Lakini jibu la nne halikuwa mzaha wa darasani. Shehena zilizokwisha kuondoka kwa malori kuelekea Durban na Dar es Salaam ziliendelea na safari yake baharini, na Juni mamlaka ya kusimamia soko la madini ya kimkakati, ARECOMS, iliongeza katazo kwa miezi 3 ikieleza kwamba akiba sokoni bado ilikuwa kubwa. Yaani miezi 4 ya kwanza iliwekwa kana kwamba akiba hiyo ingeisha upesi. Matokeo mazuri hayathibitishi kwamba kila hatua ya hoja ilikuwa imara.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba anayekanusha kila dhana hataamua lolote. Ni kweli, kama angetaka kila dhana ithibitishwe kwanza. Jaribio hili la kukanusha halidai hivyo. Linamwonyesha ipi ya kuchunguza kabla ya nyingine. Muuzaji wa mawe ya madini pale soko la Musompo anayesikia kwamba bei imepanda duniani hana haja ya kuhesabu akiba ya viwanda vya China. Dhana inayomhusu iko mezani pa mnunuzi: kwamba mizani haipunji na kwamba Metorex, kifaa cha kupima madini, inasoma ubora kama ulivyo. Hapo ndipo jibu la tatu, lililokuwa kosa katika swali letu, linapostahili swali lake lenyewe.

Tangu tarehe 16 Oktoba 2025 katazo limegeuzwa kuwa mgawo wa mauzo ya nje, na kwa mwaka 2026 na 2027 kiwango ni tani 96,600 kila mwaka. Hesabu hiyo nayo inachukulia kwamba bei ikikaa juu, watengenezaji wa betri hawatazidi kuhamia zile za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata chembe, ambazo tayari zinaendesha magari mengi nchini China.