Kopo la Mkojo na Mgonjwa wa Ini

Wasomaji wengi wamepata kumwona mtu ambaye tumbo limemjaa maji huku mikono na mashavu yamemkonda. Mitaani husemwa amelogwa. Hospitalini ugonjwa huo huitwa sirosisi: ini limejaa makovu, limekuwa gumu, na damu haipiti ndani yake kwa urahisi. Sababu zake kubwa ni homa ya ini aina ya B na C, na pombe ya miaka mingi.

Mgonjwa huyo mara nyingi haui ini peke yake. Mishipa ya tumboni hutanuka, damu hubaki humo, nazo figo, kwa kukosa damu ya kutosha, hubana mishipa yake zenyewe. Hapo jambo dogo latosha kuzizima: kuharisha, kutapika damu, vijidudu kuingia katika maji ya tumbo, au dawa ya maumivu.

Mjomba wangu, sajini wa polisi aliyestaafu, alinunua diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo. Siku ya tatu mkewe aliona kopo la usiku li karibu tupu. Hospitalini walipima damu, wakasema kreatinini ni 1.2, figo nzima, arudi nyumbani. Juma lililofuata tulimzika.

Kreatinini ni takataka itokayo katika misuli. Aliyekonda misuli huitoa kidogo, kwa hiyo namba yaweza kupendeza ilhali figo zimekwisha kuumia. Ndiyo maana mwaka 2015 jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa maji ya tumbo ilishauri litazamwe badiliko: ikipanda kwa 0.3 ndani ya saa 48, au kwa nusu ya ilivyokuwa ndani ya siku saba, figo zimeumia.

Siku hizi wataalamu huuliza mkojo wenyewe. Vijifereji vya figo vikijeruhiwa humwaga humo protini ndogo iitwayo NGAL baada ya saa chache, kabla kreatinini haijapanda. Tena hutenganisha maradhi yanayofanana. Figo zilizopungukiwa maji huwa na NGAL kidogo, nazo hupona kwa kuongezewa maji au albumini. Zilizobanwa mishipa huwa nayo ya kadiri. Hizo hutibiwa kwa terlipresini pamoja na albumini. Zilizojeruhiwa vijifereji huwa nayo nyingi, na terlipresini haizisaidii. Yaweza hata kumziba mgonjwa pumzi. Mwaka 2019 madaktari wa Barcelona walieleza kuwa mpaka wa mikrogramu 220 kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo ulitenganisha vyema. Hata hivyo maambukizo ya njia ya mkojo nayo huipandisha NGAL.

Kipimo hicho ni adimu katika hospitali za kwetu, lakini kopo lipo kila nyumba. Mama wa nyumba na aupime mkojo wa mgonjwa. Ukipungua chini ya nusu lita kwa mchana na usiku, apelekwe siku hiyo hiyo. Diklofenaki na ibuprofeni asipewe kabisa. Akiharisha, daktari aulizwe upesi kama vidonge vya kukojoza visimamishwe.

Na karatasi za vipimo vya zamani zichukuliwe pia. Ya mjomba, ya mwezi uliotangulia, ilikuwa sandukuni chini ya sare zake. Iliandikwa 0.6.