Gari la rimoti: soma namba kabla ya kulipa
Gari la kuchezea la mtumba lililopoteza rimoti yake ni nusu bidhaa, na katika soko la Memorial mjini Moshi mnunuzi asione haya kudai lipunguzwe bei. Kabla ya kutafuta rimoti nyingine, ligeuze. Chini, au penye betri, huandikwa megahezi: mara nyingi 27 au 49 kwa yaliyouzwa Marekani, 27 au 40 kwa ya Ulaya. Namba zikipishana, usipoteze fedha. Zikilingana, bado si dhamana: mpangilio wa ishara huweza kutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na gari huweza kukaa kimya au kurudi nyuma ukiliamuru liende mbele. Magari ghali ya zamani yana kristali za kuchomoa, TX ya rimoti, RX ya gari, hazibadilishani. Muuzaji na alijaribu mbele yako kwa betri mpya, ndipo mpatane.