Kweli au Si Kweli: Gharama za Chuo Binafsi cha Uuguzi

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, maneno kuhusu vyuo vya uuguzi huenea haraka, na wapo wazazi Tanzania wanaouza mazao au kukopa kikoba kwa kuyategemea. Haya sita tuyapime kabla fedha haijatoka mfukoni.

1. "Ada ya kwenye tangazo ndiyo gharama yote."
SI KWELI. Ada ni ya kufundishwa tu. Mengine yamo kwenye fomu ya maelekezo ya kujiunga: hosteli, chakula, sare, bima ya afya, mitihani ya Wizara ya Afya, malipo ya NACTVET (baraza linalosimamia elimu ya ufundi), stetoskopu, mashine ya presha, saa yenye mshale wa sekunde. Tena diploma ni miaka 3, ngazi ya 4 hadi ya 6. Tuseme ada ni sh. 1,600,000 kwa mwaka, na hayo mengine yana wastani wa sh. 1,200,000. Hadi kumaliza, mzazi atakuwa ametoa sh. 8,400,000. Hiyo ndiyo bei ya kupangia.

2. "Chuo chenye ada ndogo ndicho nafuu."
SI LAZIMA. Uuguzi hujifunzwa wodini. Chuo kilicho ndani ya eneo la hospitali yake, kama vilivyo vingi vya mashirika ya dini, mwanafunzi huenda mazoezini kwa miguu. Chuo kisicho na hospitali humpeleka kwingine, na hapo huja nauli na chumba cha kupanga. Uliza mapema: mazoezi atafanyia wapi, na nani analipa?

3. "Ukiwa na ada, nafasi haikosekani."
SI KWELI, na huu ndio uongo unaoumiza familia kuliko yote. Anayetoka kidato cha nne anatakiwa awe na ufaulu usiopungua D nne katika masomo yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. NACTVET huhakiki sifa za waliochaguliwa. Asiye na sifa hawezi kuzinunua kwa ada. Anayekuahidi "kukupangia mambo" anakutapeli. Chuo nacho kihakiki: namba ya usajili ya chuo cha afya huanza na REG/HAS.

4. "Ada inaweza kulipwa kwa awamu."
KWELI kwa vyuo vingi. Lakini angalia tarehe za awamu: kwa kawaida hukaribiana na mitihani, na anayedaiwa anaweza kuzuiwa kuingia chumba cha mtihani. Lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo, kamwe si kwenye simu ya mtu, na kila stakabadhi itunze hadi mtoto ahitimu.

5. "Bodi ya Mikopo itamlipia."
USIITEGEMEE KABLA YA KUSOMA MWONGOZO. Ni kweli kwamba mwaka 2023/2024 HESLB ilianza kukopesha wanafunzi wa diploma katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Lakini mwongozo hutaja kozi moja moja, na afya kutajwa hakumaanishi kila kozi ya afya imo. Tafuta jina la kozi ya mwanao katika mwongozo wa mwaka husika. Na mkopo ni deni, utarejeshwa.

6. "Akihitimu, gharama zimekwisha."
BADO. Hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Usajili na leseni vina malipo yake. Yawekee akiba tangu mwaka wa tatu unapoanza.

Nchi inahitaji wauguzi, na mtoto anayeipenda kazi hii anastahili kufika mwisho. Wapo wanaokatiza masomo kwa kukosa ada kwa sababu walianza na hesabu ya mwaka mmoja. Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, kiombe chuo orodha ya malipo yote ya miaka mitatu kwa maandishi. Kikikataa kuitoa, tafuta kingine.